Kule Hawaulizi Mara ya Pili

Rahma,

Huna haya wewe mtoto. Leo mchana umekaa kwenye kitanda changu, simu umeiegemeza kwenye mto wangu, yule mama wa Kizungu mwenye nyumba utakayopanga akakutazama usoni akakuuliza kama u mzima, na wewe ukamjibu mzima, mzima kabisa, huku pampu yako ya pumu umeikalia kama mwizi aliyekalia kuku. Nimekusikia. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini "fain" naijua, na leo umeisema mpaka ikaniudhi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nguo. Nikanyamaza, sikutaka akuone unagombezwa. Nikasema moyoni, ngoja akate simu. Ulipokata ukavaa viatu ukatoka mbio kwenda Al Garhoud kuwaaga wenzako wa hotelini, mie nikabaki na maneno yangu mdomoni. Basi ndiyo haya. Nimeyaandika kwa sababu nikikugombeza unacheka, unaniita mke mwenza, unanibusu kipaji, na mambo yanaishia hapo. Karatasi huwezi kuibusu kipaji. Na mwandiko wangu usiucheke. Mie nimesoma chuo cha Kurani na darasa chache za skuli, na kwa hizo hizo nimelea watoto wa watu, na wewe juu yao.

Sikuandikii habari za sweta wala soksi, wala pasi ya kusafiria uiweke wapi. Hayo Njeri, mpangaji mwenzetu wa nyuma ya ubao unaogawa chumba, keshakuimbia wiki nzima na Kiswahili chake kinachoniuma meno. Nakuandikia kwa sababu naogopa. Haya, nimesema. Umelisikia lini neno hilo kwangu? Nilipoingia mji huu wa Dubai sikumjua mtu wala lugha, sikuogopa. Kafeel wangu wa kwanza, yule tajiri aliyenidhamini, aliponifokea, nilimtazama mpaka akatazama chini yeye. Lakini tangu uniambie umepata kazi ya kuwatunza wazee kule Uingereza, katika kile kimji cha soko la zamani, kifua changu mie ndicho kinachobana, na mie pumu sina.

Juzi ulinionesha picha. Uwanja wa mawe katikati, nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi zimeinama kama zinataka kunong'onezana, kanisa lenye mnara na saa, na lile banda la soko limesimama juu ya nguzo. "Bibi, tazama, kama hadithi!" ukasema. Nikakujibu kuzuri. Kisha ukanionesha chumba chako: juu kabisa, chini ya paa, ngazi nyembamba imejipinda, dirisha dogo. Na chini ya chumba chako ghorofa nzima ni duka la vitu vya kale, linafungwa jioni. Mwenye nyumba mwenyewe anakaa mlango wa pili. Wewe ukafurahi: "Nitakuwa na chumba peke yangu!" Mie nikaenda kusafisha jiko lililokuwa safi.

Maana mji kama ule mie nimeukaa. Nimekusimulia bata wa mtoni na mvua ya mwezi wa saba, ukacheka. Sikukusimulia ya Shamma. Leo nitakusimulia, na usiruke mistari.

Wakati ule nilikuwa yaya kwa madam wa Jumeira. Bwana wake alikuwa na maradhi ya mgongo, na daktari aliyemwamini yuko Uingereza, basi tukahamia kule msimu mzima wa joto: bwana, madam, mtoto wao Shamma ambaye ndiyo kwanza meno yanajaa kinywani, na mie. Walikodi nyumba katika kimji cha soko kama hicho chako. Jina lake mpaka leo ulimi wangu haulitamki, lina herufi nyingi zimekaa bure hazina kazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kale, mlango mfupi, niligonga kichwa kila siku, na sakafu imelala upande mmoja. Shamma akiweka mpira chini unakwenda wenyewe mpaka ukutani. Akicheka yule mtoto!

Siku ya soko uwanja unajaa. Mahema ya milia, jibini kubwa kama matairi, maua, samaki juu ya barafu, mzee mmoja wa matunda anaita bei kwa sauti nzuri. Jumamosi yanakuja mabasi ya wageni, wanashuka, wanapiga picha nyumba zetu, wananipiga picha na mie, wanakunywa chai, wanaondoka. Anayekuja kutembea mji ule anapenda hadi anataka kulia. Anayekaa ndiye anayeona kinachofuata. Mabasi yakishaondoka, maduka yanafungwa, jua bado liko juu, na mji unanyamaza. Hupati kusikia mtu anamwita mwanawe. Kengele ya kanisa inagonga, basi. Mie nimezaliwa Ng'ambo, kule kwetu visiwani, nimeishi mtaa huu wa Naif, Deira, sijapata kukaa mahali ambapo nasikia mate yangu nikimeza. Kule nimeyasikia.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja, Bi Margaret. Mrefu, mkavu, ana mkasi wa maua mkononi kutwa. Wiki ya kwanza baridi ikanipiga, ndiyo, baridi mwezi wa saba, nikashikwa na homa. Nilikuwa naanika nguo uani, natetemeka, Bi Margaret akachungulia juu ya uzio akaniuliza hali. Nikamjibu "fain".

Unajua kwa nini nilimjibu hivyo? Kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea. Sisi mtu akiulizwa hali anasema njema hata kama ndani kuna maiti. Ndiyo adabu. Humtupii mwenzio shida mlangoni. Na muulizaji naye hajaondoka, hawezi kuondoka, anauliza tena: na kifua? na watoto? na huko nyumbani? Hapo ndipo unapumua unasema, alhamdulillahi, ila usiku sikulala, au ila tumefiwa na shangazi. Ukweli wetu sisi unakaa nyuma ya swali la pili na la tatu. Hata Njeri Mkristo wa Nyeri analijua hilo.

Basi nilisema "fain", nikasimama na shuka mkononi, nikasubiri anisogezee swali la pili. Bi Margaret akatabasamu, akasema kitu juu ya mawingu, akarudi kwenye maua yake.

Nikamwona hana roho. Nilitetemeka mbele yake, meno yanagongana, akaongea mawingu! Homa nikailalia peke yangu, madam aliposhtuka nilikuwa siwezi kuinua kichwa. Na yeye madam pia alikuwa ananiuliza asubuhi, na mie namjibu tayyib, tayyib. Kiburi changu kilikuwa hicho, Rahma, kuonekana sina shida. Mie niliona ni nguvu.

Nilipopona nikasema sitamwacha Mzungu yule anishinde kwa ubaya wake. Nikapika mkate wa kumimina, umeumuka vizuri, hiliki inanukia mpaka barabarani. Nikaweka kwenye sahani ya madam yenye maua, nikafunika kitambaa, nikampelekea. Akashika mdomo, akasema asante kwa lugha zote za mwili. Siku ya pili sahani ikarudi. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa unaweza kujitazama. Ndani hamna kitu. Hata kijiko cha sukari! Hata limau moja la kuonesha kuwa tumejuana!

Wewe umekulia Naif, unajua sahani ya jirani hairejeshwi hivyo. Mwanaasha wa mlango wa pili hana kitu, lakini sahani yangu haijapata kurudi bila angalau kitunguu. Mie nikaona nimefukuzwa. Khalas. Toka siku ile Bi Margaret akinisalimu naangalia matofali. Akichungulia uani naingia ndani. Madam akaniuliza, "Huyu jirani umemfanya nini? Amenisimamisha njiani anauliza kama amekukosea." Nikamwambia madam, ajiulize mwenyewe. Madam akacheka, akaniambia kwao sahani ukiirudisha safi ndiyo umeiheshimu. Sikumsikiliza. Nilikuwa na haki yangu na nilikuwa nimeikumbatia.

Sasa sikiliza.

Siku moja ya soko bwana na madam walikwenda London kwa daktari. Nilibaki na Shamma. Tulikwenda pale kwa mzee wa matunda, tukanunua zabibu, tukarudi. Nilimkalisha jikoni kwenye kiti chake, nikageuka kusuuza kikombe. Kugeuka tu. Niliporudisha uso mtoto amefungua mdomo na hakuna sauti. Macho yamemtoka. Mikono inapiga meza. Zabibu imemkwama.

Nilimtia kidole, nikamtikisa, nikamwita majina yote. Rangi ikaanza kumbadilika midomoni. Basi nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Nikambeba nikatoka nje, barabarani, kwenye uwanja ule uliojaa watu, nikapiga ukunga. Ule wenyewe, wa kutoka tumboni. "Uwiii! Jamani nisaidieni! Mtoto anakufa!" Ng'ambo ukunga kama ule ungemtoa mtu chooni na ndoo mkononi. Naif angeshuka hadi yule baniani wa duka la mabegi. Sikupata kufikiri kuwa kuna mahali duniani ukipiga ukunga watu hawaji.

Walinipisha njia, Rahma.

Nisikufiche. Walisogea kwa adabu, huku na huku, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Mwanamme mmoja akavuta mbwa wake karibu na mguu. Mama mmoja akatazama jibini. Mzee wa matunda aliyeniuzia akanyamaza kuita bei, akasimama na mfuko wa karatasi mkononi. Waliona mwanamke mweusi mwenye baibui anapiga kelele na mtoto amejificha kwenye nguo zake. Pengine walidhani nimefiwa, au nimegombana nyumbani, au nimerukwa na akili. Na lugha sina. Nilikuwa nasema "jamani" kwa watu ambao hawajui wao ni jamani.

Hofu ile ndiyo nnayo leo. Imerudi nzima nzima. Mahali pamejaa watu, jua linawaka, na wewe uko peke yako kama uko kaburini.

Aliyekuja alikuwa Bi Margaret. Alikuwa dirishani kwake, alishasikia ukunga wangu toka mwanzo lakini akajizuia. Baadaye alimweleza madam: alidhani ni mambo ya ndani ya nyumba yetu, na kwa kuwa mie nilishamwonesha kuwa simtaki, akaogopa kujiingiza. Kwao kujiingiza ndiyo ukosefu wa adabu. Alisimama na adabu yake nyuma ya pazia, mpaka nilipogeuka akaiona miguu ya Shamma inaning'inia. Hapo akatoka na viatu vya bustani. Akaninyang'anya mtoto, sikumpa, aliniparura mkono kumchukua. Akamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu zabibu ikaruka kwenye mawe, na Shamma akalia. Wallahi sijapata kusikia sauti tamu kama kilio kile.

Nilikaa chini pale pale barabarani. Watu sasa ndiyo wanakuja! Mmoja maji, mmoja kiti, mzee wa matunda analia machozi kuliko mie. Walikuwa wema wote, unaona? Wema ulikuwa umejaa uwanja mzima na mtoto alikuwa anakufa katikati yake.

Bi Margaret hakulia. Alikuwa amekasirika, mashavu mekundu. Alinishika mkono, akaniburuta mpaka mbele ya mlango wake, ule wa rangi ya kijani, hatua chache tu kutoka wetu. Akaupiga mlango wake mwenyewe kwa ngumi, ngo ngo ngo. Akanitazama. Akaupiga tena, ngo ngo ngo. Kisha akanishika ngumi yangu mie akaigongesha yeye. Nilielewa. Hata asiyesoma angeelewa. Uwanja mzima wa nini, hapa ndipo. Gonga hapa.

Baada ya siku ile, alipochungulia uani kuniuliza hali nilimjibu, "No. Goti." Nikamwonesha goti. Akaangua kicheko, akaniletea mafuta ya kuchua yananuka kama dawa ya panya. Siku ya pili, "No. Jino." Siku ya tatu akaniuliza akaanza kucheka kabla sijajibu. Madam akasema nimekuwa mlalamishi. Nikamwambia, madam, nimejifunza lugha yao.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Mama yako alikuleta kwangu kutoka Tanga ukiwa mdogo kwa sababu ya kifua hicho hicho. Alisikia hewa ya huku kavu, itakufaa. Hakuambiwa habari ya vumbi. Miaka yote hii nimelala sikio moja liko juu. Naijua pumzi yako kuliko naijua sura yangu. Najua ikianza kubana unapandisha bega la kushoto, unajitia unatafuta kitu kwenye mkoba ili usiongee. Watu wanadhani una shughuli.

Umesahau Ijumaa ile ya vumbi? Mie nilikuwa kwa Mwanaasha, wewe unakunja zile nguo za mzigo wa kutuma Mombasa. Njeri ametoka zamu yake ya ulinzi kule Dubai Marina, amejitupa kitandani nyuma ya ubao, anakusemesha mambo yake ya bosi na ya kanisa. Akakutania kuhusu yule kijana wa hotelini, hukumjibu. Akakutania tena. "Rahma, leo umeninunia ama?" Kimya. Ndipo akaja kuchungulia. Nilimsikia nikiwa kwa jirani, ananiita bibi kwa lugha ya kwao: "Shosh! Shosh kuja! Huyu mtoto ako na shida, hapumui!" Lifti imekufa, kama kawaida yake. Akakubeba mgongoni na yunifomu yake mpaka chini, nami nyuma nimeshika kanga tu, sijui niishikie nini. "Shosh wacha kulia, teksi ndio hii, ingia," ananiambia, na mie nilikuwa silii, nilikuwa nasoma dua.

Hospitali daktari akakuuliza ilianza lini. Ukasema, kwa sauti ya paka, tangu Jumanne. Jumanne! Jumanne nilikuuliza hali ukasema nzuri. Jumatano nzuri. Alhamisi ukala wali wangu ukasema nzuri. Ulitaka usikose zamu. Daktari akanitazama mie kama mjinga, na alikuwa na haki, kwa sababu siku zote tatu nilichelewa na swali la pili. Nilikuwa nimechoka. Uliposema nzuri niliikubali kwa kuwa ilinifaa.

Aliyekuokoa ni ubao mwembamba na mwanamke mwenye domo. Ukikohoa Naif vyumba vitatu vinakuombea dua. Umekuwa ukilalamika miaka, hapa hakuna siri, hapa mtu hana pa kuvulia shungi. Kweli. Na kule utapata unachotaka. Kuta nene za mawe, ngazi iliyojipinda, duka limefungwa chini yako, kengele inagonga juu yako. Na pumu haipigi ukunga, mwanangu. Mie nilikuwa na mapafu yangu mazima nikapiga kelele mchana kweupe, wakanipisha njia. Wewe utapiga kwa pumzi ipi?

Nilimwambia Njeri hofu yangu jana tukimenya vitunguu. Akanicheka. "Shosh, huko si kuna ambulensi? Anapiga namba tu, wanakuja na ving'ora. Wewe una-stress za bure."

"Ambulensi inaitwa na mwenye pumzi," nikamwambia.

Akamenya kitunguu kimoja mpaka kikaisha.

Sikuandikii ili usiende. Nenda. Kazi umeitafuta mwenyewe, umesomea, na wale wazee watakupenda, kwa sababu una mkono mpole ambao hukuupata kwangu. Utakwenda kutwa unawauliza wao, umelalaje, kifua kinakuaje, umekunywa dawa. Utakuwa swali la pili la watu wote. Jioni utapanda ngazi yako na hakuna atakayekuuliza hata la kwanza. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, na nikifumbua naliona pia.

Na usidhani utaniambia mie. Utanipigia, nitakuuliza hali, utasema nzuri, na ile simu haioneshi mabega. Unaiinua juu naona paji la uso na dari tu. Hata ukiniambia ukweli mie nitafanya nini kutoka Naif? Nitapiga ukunga Deira usikike Uingereza?

Lazima awepo mtu wa pale pale anayejua. Mmoja. Uwanja mzima sina haja nao. Na kule mtu hajui mpaka umwambie mdomo kwa mdomo, kabla, ukiwa mzima, umekaa kitako, hujaanza kubanwa. Ukimwambia atakuja, tena atakuja mbio na viatu vya bustani. Usipomwambia atasimama nyuma ya pazia lake anakuheshimu mpaka umalize. Hii ni tofauti yao na sisi, na imenigharimu msimu mzima kuielewa. Wewe unataka kuielewa peke yako, chini ya paa, usiku wa baridi?

Najua unaogopa nini. Unaogopa yule mama akijua una maradhi atakunyima chumba, na kazini watasema tumeletewa mgonjwa. Nimeliona hilo usoni kwako mchana. Basi akunyime! Akunyime leo ukiwa bado una kitanda kwangu, utafute chumba kingine chenye mtu nyuma ya ukuta. Chumba cha kusema uongo ndiyo upate kulala, hicho sikitaki. Na moyo wangu unaniambia hatakunyima. Nilimtazama yule mama kwenye simu. Ulipomjibu alingoja kidogo kabla ya kuzungumza. Ana macho ya mtu anayetaka kuambiwa, ila hajui aulize vipi.

Yaliyobaki utajifunza, utakosea kama nilivyokosea, utanuna, utanuniwa. Hilo la pumzi sina ruhusa ya kukuachia ukosee.

Sasa utaniudhi ukiisoma barua hii ukaikunja ukaitia kwenye begi, ukaja kunikumbatia. Usije. Kule kwao jua halijazama, yule mama hajalala. Kaa hapo hapo ulipo, chukua simu, mpigie. Usianze na nzuri, usianze na fain, usizunguke. Mwambie una pumu. Mwambie ulibebwa mgongoni. Toa pampu uioneshe kwenye kioo cha simu, umfundishe inavyoshikwa na inavyobonyezwa, mpaka aweze kukurudishia somo kwa mkono wake mwenyewe. Mwombe ufunguo wa pili wa chumba chako akae nao yeye. Kisha umwambie kila asubuhi akiona hujashuka ngazi apande agonge, na usipoitika avunje mlango.

Mie nimekaa jikoni, mlango nimeuacha wazi, redio nimeizima. Piga.

Bibi yako,
Zuwena